Homa Isiyokuwa ya Chanjo

Kuna homa moja ambayo nyumba nyingi haziendi kuipima: ile inayompanda mtoto aliyetoka kliniki kuchanjwa. Hiyo imeshapata jina kabla haijapanda. "Chanjo hiyo," atasema mama. "Chanjo hiyo," atasema bibi, na jirani aliyekuja kuomba kibiriti ataitikia. Mara nyingi wanasema kweli. Kisa hiki ni cha safari moja ambayo wote walisema hivyo na hakuna aliyesema kweli.

Twaha, mtoto wa kisa chenyewe, nimemtunga. Lakini kila kilichompata ni jambo ambalo wahudumu wa zahanati za pwani ya kusini, tangu Rufiji hadi Kilwa na Lindi, wanalifahamu, na wengine wameshalichoka. Msomaji asitafute kijiji wala zahanati.

Alizaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa baba. Baba mtu yuko Mbagala, anaendesha bodaboda na kutuma hela kwa simu. Mama mtu analima na asubuhi anauza vitumbua. Bibi, ambaye nyumba nzima humwita Bi Mkubwa, humwita mjukuu wake "mume wangu" na hamwachii mtu mwingine kumwogesha. Wanaosimulia visa vya namna hii hupenda kumfanya bibi kuwa adui wa chanjo. Huyu hakuwa. Aliwahi kumzika mtoto wake kwa surua, na siku ya kliniki yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha mkwewe alfajiri: "Mama Twaha, amka mwanangu, foleni haikungoji."

Katika wiki ya 6 mtoto alipata matone mdomoni na sindano mapajani. Mojawapo ni ile ya pentavalenti, inayobeba kinga za maradhi 5 kwa pamoja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta homa ya uti wa mgongo na kichomi. Tanzania iliianza mwaka 2009. Katika hizo tano, mkorofi ni kifaduro. Sehemu yake ndani ya chanjo hii imetengenezwa kwa kimelea kizima kilichouawa, na mwili wa mtoto ukikutana nacho hushtuka na kupigana. Ndiyo maana karibu nusu ya watoto wanaochomwa hupata homa, na karibu nusu huvimba au kuwa wekundu pale sindano ilipoingia. Nchi tajiri nyingi zimehamia kwenye chanjo ya vipande tu vya kimelea, ambayo Japani ilianza kuitumia mwaka 1981. Hiyo haichemshi sana watoto, ila kinga yake hupungua mapema zaidi. Kwa hiyo mtoto wa Kilwa anaweza kuchemka usiku mmoja ambao mtoto wa Tokyo amelala salama, lakini kinga anayoondoka nayo si hafifu.

Siku hiyo nesi alikuwa na nafasi. Aliwaweka akina mama kwenye benchi karibu nusu saa, na walipoanza kunung'unika kwamba jua limepanda aliwaambia sababu. Kuna mzio mkali ambao humpata kama mtu 1 katika dozi milioni moja. Ni adimu hivyo, lakini ukija huja ndani ya dakika chache, mtoto akabanwa pumzi na kulegea, na dawa yake, sindano ya adrenalini, iko zahanati, si njiani. Kisha akawaeleza usiku utakavyokuwa. Homa inaweza kuanza jioni. Mtoto atalialia, hatataka kuguswa paja. Mnyonyeshe mara kwa mara, mpunguzie nguo, mwekee kitambaa kilicholowa maji ya kawaida pale palipovimba. Msikande.

Hilo la kutokanda lilimpita Bi Mkubwa kando. Jioni alikwisha bandika maji ya moto, maana kwake kiungo kinachouma hukandwa, ndivyo alivyokandwa yeye na ndivyo alivyowakanda wanawe. Mama Twaha akamzuia kwa adabu. "Mama, nesi kakataza, anasema uvimbe utazidi." Bibi akanuna kidogo, akayaepua maji, akayaogea mwenyewe. Mabishano ya jikoni ya namna hii ndiyo yanayoamua afya ya watoto wengi kuliko hotuba za wakubwa, na ningependa yote yangeisha kwa wema kama lile. Ziko nyumba ambako paja la mtoto hupakwa dawa ya meno, au majivu, au mafuta ya taa. Ngozi ya mtoto wa wiki 6 ni laini mno. Mafuta ya taa huiunguza, na mvuke wake anauvuta yeye mwenyewe aliyelala juu yake.

Homa ikapanda baada ya magharibi. Mama akampa dawa ya maji ya paracetamol, ambayo kwetu ni panadoli hata kama chupa ina jina jingine. Hapa niseme jambo moja, kwa kuwa dawa hii imezoeleka mpaka imekosa heshima. Kipimo cha paracetamol kwa mtoto hufuata uzito, si umri wala ukali wa kilio: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja. Mtoto wa kilo 8 hahitaji zaidi ya miligramu 120, na hiyo katika chupa nyingi za watoto ni kijiko kimoja cha mililita 5. Lakini ziko chupa zenye nguvu maradufu, na anayepima kwa mazoea humzidishia mwanawe bila kujua. Kati ya dozi na dozi zipite saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Chupa mbili za majina mawili zinaweza kuwa dawa ileile moja, na ini la mtoto haliangalii jina la chupa. Aspirini asipewe kabisa. Na wale wanaompa mtoto panadoli nyumbani kabla ya kwenda kliniki, ili "isimpande", wangengoja: utafiti uliofanywa Jamhuri ya Cheki na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba watoto waliopewa paracetamol ya kuzuia homa walijenga kinga pungufu dhidi ya baadhi ya maradhi. Dawa ingoje homa.

Twaha alinyonya usiku, akalala kwa vipande, na kesho yake jioni alikuwa amepoa. Wiki ya 10 ikawa vilevile. Wiki ya 14 vilevile. Sindano, homa, kijiko, kukucha, kwisha. Nyumba ile ikawa imehitimu. Mama Twaha akawa yeye ndiye anayewatuliza wenzake kisimani: "Usiogope shoga, ni ya usiku mmoja tu hiyo." Wazee husema mazoea yana taabu, na huu ndio mwanzo wa taabu yenyewe. Walichojifunza kilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli ya sindano moja, nao wakaidhania ni kweli ya sindano zote.

Miezi 9 ilipotimia ikawa zamu ya chanjo ya surua na rubella. Siku hiyo zahanati ilijaa. Nesi alikuwa peke yake, mwenzake yuko likizo ya uzazi, na akina mama walikuwa wamekasirika tangu asubuhi kwa sababu alikataa kufungua chupa mpaka watoto watimie. Watu hudhani ni ujeuri. Chanjo hii huja ikiwa unga; ikishachanganywa na maji yake haivuki saa 6, lazima imwagwe, kwa kuwa haina kitu cha kuzuia vijidudu visiote ndani yake. Nesi anayefungua chupa kwa mtoto mmoja anamwaga za wengine. Basi walipofika kumi na kitu akafungua, akachoma harakaharaka, akaandika kadi, na kwa sauti ya mtu aliyechoka akamaliza kazi kwa sentensi moja: "Maudhi madogomadogo mnayajua, haya nendeni."

Hawakuyajua. Simlaumu sana, maana siku ile hata maji ya kunywa hakuwa ameyapata, lakini sentensi ile ndiyo iliyokuja kugharimu.

Usiku uleule Twaha akachemka. Bi Mkubwa akamgusa shingo, akasema lililotarajiwa. Kijiko kikatolewa. Asubuhi mtoto amepoa, anacheza na upawa, na mama akaenda kuuza vitumbua. Jioni homa ikarudi, na safari hii mtoto alitetemeka kidogo. "Hii ya sasa kali," Bi Mkubwa akakiri, "maana kachomwa mkononi, mkono uko karibu na moyo." Siku ya tatu akakataa uji. Baba akapiga simu kutoka Mbagala, akauliza kama wamempeleka zahanati, akajibiwa kwamba nesi mwenyewe alisema yatampata maudhi, sasa aende akaambiwe nini? Baba akatuma elfu kumi. Siku ya nne mama akaenda duka la dawa. Muuzaji akauliza vizuri tu, mtoto ana nini. "Kachanjwa Jumanne, homa haijakata." Muuzaji akatoa chupa nyingine ya panadoli, akaongeza na antibiotiki ambayo hakuna aliyeijua ni ya nini.

Tazama jinsi lile neno moja, kachanjwa, lilivyomfunga kila mtu mdomo. Bila hilo neno, mama yeyote wa pwani ya kusini ambaye mwanawe amechemka, kapoa, kachemka tena, angesema malaria kabla hajafika mlangoni. Muuzaji wa dawa angesema malaria. Baba kwenye simu, katikati ya honi za Mbagala, angesema malaria. Maradhi yaliyokaa nao miaka yote yalipita mbele yao na hakuna aliyeyasalimia, kwa sababu homa ilikuwa imeshapewa mwenyewe.

Na hesabu ilikuwa nyepesi, laiti mtu angewafundisha. Chanjo ya surua na rubella si ya vimelea waliokufa kama ile ya paja. Ni virusi hai waliodhoofishwa. Kwanza lazima wazaliane mwilini, taratibu, ndipo mwili uwagundue na kuamka. Hilo huchukua siku. Homa yake, kwa wale wachache inaowapata, kama watoto 5 hadi 15 katika kila 100, huja baina ya siku ya 7 na ya 12 baada ya sindano. Wengine hutoka vipele hafifu siku hizohizo, visivyoambukiza mtu, vikapotea. Usiku wa kwanza mtoto anaweza kuumwa mkono pale alipochomwa, basi. Homa iliyompanda Twaha saa chache baada ya kutoka kliniki haikuwa na njia ya kuwa ya chanjo ile. Malaria nayo, ile ya falsiparamu ambayo ndiyo yetu, hukaa mwilini siku 7 hadi 14 tangu mbu aume mpaka homa ianze. Maana yake mtoto alipokuwa amepakatwa kwenye foleni, vimelea walikuwa wameshatoka kwenye ini lake na wanazaliana ndani ya damu. Zilikutana siku moja, sindano na homa, na sindano ndiyo iliyoonekana.

Umri nao ulikuwa na mkono wake. Miezi ya kwanza mtoto huishi na kinga aliyorithi kwa mama, ndiyo maana malaria kali haiwashiki sana wachanga wa wiki 6. Kufika miezi 9 kinga ile imekwisha na yake mwenyewe hajaijenga. Katika nchi yetu ni umri wa kuogopa kila homa.

Usiku wa tano degedege likamshika. Macho yakageuka, mikono ikakakamaa, povu mdomoni. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kilichofuata. Mvuje ukasagwa, ukapakwa nyayoni na utosini. Jirani akakimbilia kwa mganga wa upande wa pili wa kijiji. Na hapa Bi Mkubwa, yule aliyekuwa akiamsha watu alfajiri waende wakachanjwe, akasema neno ambalo alilikuta kwa mama yake, naye mama yake alilikuta: mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa atakufa. Kwake lilikuwa na ushahidi mara mbili, maana mtoto huyu ameshachomwa siku tano zilizopita na matokeo ni haya. Mama Twaha alitaka kutoka na mtoto usiku ule. Hakuwa na usafiri, hakuwa na mume karibu, na alikuwa mkwe katika nyumba ya watu. Alilia mpaka alfajiri.

Asubuhi alimfunga mgongoni, hakuaga mtu, akaenda zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria, tone moja la damu ya kidole, hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Mistari miwili ikajitokeza: malaria. Nesi yuleyule aliyewaambia "mnayajua" alimwekea dawa ya artesuneti njia ya haja kubwa ili kumshikilia njiani, akaita gari, akapanda naye mpaka hospitali ya wilaya. Twaha alikaa hajitambui, akaongezewa damu na sukari, akachomwa artesuneti ya mshipa. Aliamka. Upande wa kushoto haukuamka wote. Mkono ulikuwa mlegevu, mguu ukiburuta. Malaria iliyopanda kichwani huwaacha baadhi ya watoto hivyo, wengine na kifafa, wengine hawasikii vizuri, na walio wengi, Alhamdulillahi, wanapona kabisa. Yeye hakuwa katika walio wengi.

Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa malaria kali. Ikakunjwa, ikawekwa ndani ya kadi ya kliniki, na hakuna aliyeisoma tena.

Kijiji kilisoma mkono. Mkono wa kushoto ndio uliochomwa chanjo, na mkono wa kushoto ndio uliolegea. Nani anahitaji karatasi? Kwamba mguu wa kushoto nao ulilegea, na hakuna aliyeuchoma, jambo hilo halikusimuliwa kisimani. Uvumi una adabu zake, huacha kinachouharibu. Mwezi uliofuata benchi la kliniki lilikuwa na nafasi za kukaa. Mama Twaha mwenyewe hakumrudisha mtoto katika miezi 18 kwa dozi ya pili. Ya kwanza, ikitolewa katika miezi 9, huwakinga watoto kama 85 katika 100. Ya pili ipo kwa ajili ya wale 15. Hakuna ajuaye Twaha yumo upande gani wa hesabu hiyo.

Wapo watakaosema nimeitetea chanjo kwa urahisi, nikatunga kisa ambacho ndani yake haina hatia. Basi niende mahali ambapo hatia ilikuwepo, na pasipo kutunga. Julai 2018, katika visiwa vya Samoa huko Bahari ya Pasifiki, watoto wawili wa mwaka mmoja walikufa dakika chache baada ya kuchomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella. Watu walikuwa na haki ya kupiga kelele. Uchunguzi ulionyesha kwamba wauguzi wawili walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Walikiri mahakamani, mwaka uliofuata wakafungwa miaka 5. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Lakini serikali ilikuwa imesimamisha uchanjaji kwa miezi, na hata uliporudi wazazi wengi hawakurudi nao. Surua ikaingia mwaka 2019. Nchi yenye watu kama 200,000 ikapata wagonjwa zaidi ya 5,700, na 83 wakafa, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Desemba ile serikali ilifunga ofisi kwa siku mbili, na kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa ikaambiwa itundike kitambaa chekundu nje ili timu zijue pa kuingia.

Nimewaleta Samoa kwa sababu mbili zinazogombana. Ya kwanza ni kwamba mzazi anayesema "mwanangu kaharibika baada ya sindano" asizomewe. Kuna siku atakuwa sahihi, na bila yeye kosa la wauguzi wale lingerudiwa. Ya pili ni kwamba kati ya swali na jibu kuna muda, na muda huo ukijazwa uvumi, watoto wasiohusika ndio wanaolipa. Samoa walau jibu lilipatikana. Katika kijiji cha Twaha swali halikuulizwa rasmi hata mara moja. Zahanati ilikuwa na fomu ya kuripoti madhara yanayofuata chanjo, taarifa ambazo hufika hadi Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ingejazwa, mtu angekuja, angeangalia siku ya sindano, saa ya homa, mistari miwili ya kipimo, angekaa na wazee chini ya mwembe akawaeleza. Haikujazwa, kwa kuwa kila mhudumu aliyemshika mtoto alijua ni malaria, na alipojua yeye akaona yatosha. Hili naliona kosa kubwa kuliko lile la nesi aliyechoka. Mgonjwa alitibiwa na kijiji kikaachwa kinaumwa.

Upande wa magharibi mwa Kenya mambo yamekuwa na utata zaidi. Huko, tangu mwaka 2019, watoto huchanjwa dhidi ya malaria yenyewe, na chanjo hiyo nayo huleta homa katika siku za mwanzo. Kinga yake si kamili. Mama wa Siaya ambaye mwanawe amechemka baada ya sindano ya malaria anaweza kuwa na homa ya chanjo mkononi, au malaria halisi, na kwa kugusa shingo hatazitofautisha. Hakuna bibi awezaye. Panadoli nayo haisaidii kutambua: huishusha homa ya malaria kama inavyoishusha ya chanjo, na yule mtoto anayecheza na upawa asubuhi ndiye aliyewadanganya wote nyumbani kwa Bi Mkubwa.

Kinachotofautisha ni siku, na dalili zisizosubiri siku. Homa ya pentavalenti huanza ndani ya saa 24 na kwa kawaida haipiti siku ya pili. Ikivuka hapo, itafutiwe mwenyewe. Ya surua na rubella huja baada ya wiki moja. Ikija usiku uleule, au ikija wakati wake na ikakaa zaidi ya siku mbili tatu, ikapimwe. Sindano ya BCG ya begani kwa kawaida haileti homa: huacha kipele baada ya wiki 2 hadi 6, kikatoa usaha kidogo, kikakauka kwa miezi kadhaa na kuacha kovu, nacho hakitaki dawa, hakitaki kukamuliwa, hakitaki bandeji. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila anachopewa, anayelegea mpaka hashtuki akiitwa, au aliyeshikwa na degedege, huyo hata kama kachanjwa saa moja iliyopita anapelekwa sasa hivi. Na mchanga wa chini ya miezi 2 akiwa na homa kali asilazwe nayo hadi asubuhi.

Degedege la homa na sindano, kwa kuwa Bi Mkubwa wako wengi: sindano ya artesuneti haiui mtoto wa degedege. Watoto hao walikuwa wakifa kwa sababu walifikishwa kwa mwenye sindano wakiwa wameshachelewa, na sindano ikawa ndiyo kitu cha mwisho kuonekana kabla ya kifo. Mzee mwenye busara akiambiwa hivyo kwa heshima, tena na mtu anayemsalimia shikamoo kabla ya kumsahihisha, huelewa. Kumdharau kunamrudisha kwa mganga.

Wewe uliye na kadi ya kliniki mkobani, safari ijayo usiinuke kwenye benchi kabla ya kumuuliza nesi: homa ya sindano hii huanza lini, na huisha lini? Mwombe aandike majibu hayo nyuma ya kadi, maana nyumbani utakuta watu wengi wenye uzoefu. Ikipanda nje ya siku alizoziandika, usinunue chupa nyingine. Nenda ukapime. Katika zahanati ya serikali kipimo cha malaria kwa mtoto wa chini ya miaka 5 hakilipiwi.